Jeshi Lililobaki Kijivu

Anayetaka kucheza vita vya mezani hana budi kuwa fundi rangi kwanza. Mcheza bao hukuta kete zimo mashimoni, na mcheza drafti akikosa kete huokota vizibo vya soda, mchezo ukaendelea. Lakini katika mchezo huu, uliokulia Ujerumani, Uingereza na Marekani, mtu hununua askari wa plastiki au wa madini wenye urefu wa milimita 28 hivi, wengi wao wakiwa vipandevipande na wote wakiwa kijivu. Huwaunga kwa gundi, huwapiga undakoti, huwavisha sare kwa brashi nyembamba, huwabandikia mchanga kwenye vibao wanavyosimamia, na ndipo huwapanga mezani wapambane na jeshi la mwenzake kwa dadu, utepe wa kupimia na kitabu cha kanuni. Kati ya kununua na kupanga kuna kazi ya miezi, na humo njiani ndimo hamu hufia. Wachezaji wenyewe wana jina la kile kinachobaki: wanakiita mlima wa risasi, kwa sababu ya madini waliyosubiwa askari wa zamani, na wengi wao wanao mlima huo kabatini au chini ya kitanda.

Maelezo ya kawaida ya ugonjwa huu humlaumu mgonjwa. Ni mvivu, amezeeka, ana watoto wadogo, anapenda kununua kuliko kutenda. Dawa yake basi ni kujikaza, akae mezani kila usiku hadi amalize. Historia ya mchezo inatoa maelezo mengine yenye nguvu zaidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walicheza na askari wadogo bila mlima wowote, kwa kuwa mpaka rangi na mchezaji walikuwa watu wawili. Mlima ulianza pale kazi hizo mbili zilipomwangukia mtu mmoja, ukakua pale kupaka rangi kulipoachana na siku ya kucheza. Na kila mara hamu iliporudi kwa watu wengi kwa pamoja, ilirudi baada ya mpango mzima kubadilishwa: jeshi likawa dogo, siku ya mchezo ikawekwa, mwenzi akapatikana, askari wakapewa kisa. Hamu huifuata meza, haiitangulii.

Tuanze na mji wa Nuremberg. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 mafundi bati wa huko, ukoo wa Hilpert ukiwa mashuhuri kati yao, walisubu askari bapa, wembamba kama sarafu, waliopendwa na watoto wa Ulaya nzima. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake mjini humo, na kimo cha askari wake, milimita 30, kikawa kipimo kilichofuatwa na wengine. Askari hao waliuzwa kwa uzito, wakiwa wameshapakwa rangi na wanawake na watoto waliofanya kazi hiyo majumbani kwa ujira mdogo. Aliyechoshwa na mikanda ya wapanda farasi mia tatu alikuwa mama wa Nuremberg mwenye kutafuta mkate. Mtoto wa tajiri aliyewapanga sakafuni hakujua kuwa kuna uchovu. Jeshi la Prussia nalo, lilipoanza mwaka 1824 kuwafundishia maofisa mchezo wa vita wa Luteni von Reisswitz, lilitumia vipande vidogo vyekundu na vya buluu juu ya ramani, pamoja na dadu na mwamuzi. Hapakuwa na sare ya kupaka. Na mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilipogundua namna ya kusubu askari mwenye uwazi ndani, kwa kumimina madini kwenye kalibu na kuyamwaga kabla hayajaganda yote, askari wa milimita 54 akawa mwepesi na wa bei nafuu, na bado alitoka kiwandani amevaa sare yake kamili.

Kama rangi haikuwa kikwazo, ni nini kilichowarudisha watu wa zama hizo mchezoni siku baada ya siku? Juni 1826 mchungaji Patrick Brontë wa Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao kutoka Leeds. Kila mtoto alichagua wake akampa jina. Wa Charlotte, dada yake Branwell, akawa Wellington. Kutokana na mbao hizo 12 watoto wale walizua nchi, vita, vijigazeti vya herufi ndogo mno, na hadithi ambazo Charlotte na Branwell walikuwa bado wakiziandika walipokuwa watu wazima. Majira ya baridi ya 1881 kuingia 1882, Robert Louis Stevenson, aliyekuwa Davos, Uswisi, kwa sababu ya mapafu yake, alipigana vita virefu na mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne, kwenye sakafu ya chumba cha darini iliyochorwa ramani kwa chaki, huku akiandika habari za mapigano hayo kana kwamba ni mwandishi wa gazeti aliyetumwa vitani. H. G. Wells naye, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, alieleza mchezo uliozaliwa kwa marafiki kulenga askari kwa mzinga wa kuchezea wa springi, uliorusha kipande cha mti chenye urefu wa kama inchi moja. Kanuni zake ni chache, zamu zinapimwa kwa saa, na sehemu ndefu ya kitabu ni masimulizi ya pambano moja, kana kwamba ni jenerali anayekumbuka ushindi wake. Katika visa hivi vitatu askari wenyewe ni wachache au wa kawaida. Kinachorudiarudia ni mtu wa pili chumbani, na kisa kinachodai kuendelezwa kesho.

Zama hizohizo zilimtoa mtu mmoja aliyejaribu njia ya kinyume, na yaliyompata yanafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1830 Luteni William Siborne aliagizwa kutengeneza mfano wa uwanja wa vita vya Waterloo. Alikaa miezi minane kwenye shamba la La Haye Sainte akipima kila tuta na kila ua, kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana huko kuwauliza kikosi chao kilisimama wapi jioni ile ya Juni 1815. Alikusudia kuonyesha majeshi yote kwa mara moja, na ili kufanya hivyo alihitaji askari zaidi ya 70,000, kila mmoja na kimo cha kama sentimita moja. Mwaka 1833 serikali ilikata fedha, kazi ikakwama. Ilipokamilika na kuonyeshwa Egyptian Hall, London, mwaka 1838, watu walifurika kuitazama, lakini mtengenezaji alibaki na madeni. La kuzingatia ni alichofanya baada ya hapo. Mfano wake wa pili, ulioonyeshwa mwaka 1844, ulichukua kipande kimoja tu cha uwanja na saa moja tu ya mchana ule, kwa skeli kubwa zaidi, ili macho yaone mtu mmojammoja akishambulia na kuanguka. Siborne aliyeshindana na vita nzima alizidiwa nayo. Aliyerudi kazini alirudi kwa kupunguza. Mfano wa kwanza uko hadi leo katika jumba la makumbusho ya jeshi la Uingereza huko Chelsea, na wa pili uko Royal Armouries mjini Leeds.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hali ya Siborne ikawa hali ya kila mchezaji. Huko Visalia, California, Jack Scruby alianza miaka ya 1950 kusubu askari kwa kalibu za mpira, njia rahisi iliyomwezesha mtu mmoja kuendesha karakana ndogo. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza mwaka 1959 kuuza visanduku vya askari wa plastiki, makumi kadhaa kwa kisanduku, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuimudu. Huko Southampton, Donald Featherstone, aliyepigana katika kikosi cha vifaru na baadaye akawa mtaalamu wa tiba ya viungo, alichapisha mwaka 1962 kitabu War Games kilichowaonyesha maelfu ya wasomaji kuwa mtu mzima anaweza kucheza bila haya. Askari wa Scruby na wa Airfix walifika mikononi mwa mnunuzi bila sare. Unafuu wa bei ulitokana kwa sehemu na hilo: ujira wa yule mama wa Nuremberg ulikuwa umeondolewa kwenye bei, na kazi yake ikawekwa juu ya meza ya mnunuzi.

Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa dukani. Kitabu Charge! cha Peter Young na J. P. Lawford, cha mwaka 1967, na kile cha Charles Grant kiitwacho The War Game, cha mwaka 1971, vilipendekeza vikosi vya miguu vya karne ya 18 vyenye zaidi ya askari 50 kila kimoja. Askari mmoja wa zama hizo ana kofia ya pembe tatu yenye utepe pembeni, uso, nywele zilizofungwa kisogoni, koti, ukosi na mikono iliyokunjwa ya rangi nyingine, mikanda miwili myeupe inayokatana kifuani, mkoba wa risasi, suruali, soksi ndefu zenye vifungo, viatu, na bunduki yenye mti wa rangi moja na chuma cha rangi nyingine. Mikanda miwili kwa askari 50 ni mistari 100 inayotakiwa inyooke, na hapo bado hujagusa vifungo. Watu wengi hupaka kwa mafungu: makoti yote kwanza, kisha suruali zote, kisha mikanda yote. Njia hiyo huokoa muda, lakini ina hasara yake, kwa kuwa hakuna askari anayekamilika mpaka wote wakamilike. Mtu anaweza kufanya kazi wiki tatu asione hata mmoja aliyekwisha. Na kikosi kimoja hakichezi. Mchezo unataka vikosi kadhaa kila upande, pamoja na wapanda farasi na mizinga. Aliyeanza kwa kutamani vita hujikuta na deni ambalo kila kisanduku kipya huliongeza.

Jibu la kwanza la kihistoria kwa deni hili lilikuwa udugu. Scruby alianzisha jarida la War Game Digest mwaka 1957, na Featherstone akaendesha Wargamer's Newsletter kuanzia 1962 hadi 1980. Majarida hayo yalijaa kanuni, masimulizi ya mapigano na mijadala ya sare, na yaliwafanya watu waliotawanyika kujua kuwa kuna mwenzao anayesubiri kusikia vita vilikwendaje. Rafiki wa Featherstone, Tony Bath, alikwenda mbali zaidi. Aliendesha kampeni ya bara zima la kubuni, Hyboria, lenye falme, wafalme, koo zinazochukiana na hazina zinazofilisika, akawagawia wachezaji falme hizo wazitawale kwa barua kwa miaka mingi. Pambano la mezani likawa matokeo ya siasa, na matokeo ya pambano yakazaa siasa nyingine. Katika mpango wa namna hiyo kikosi kipya hakipakwi rangi kwa ajili ya kupunguza mlima. Kinapakwa kwa sababu mfalme fulani amevuka mto na mtu fulani lazima amzuie Jumamosi. Bath aliandika kitabu kizima kuhusu kuandaa kampeni mwaka 1973, na ukikisoma kwa jicho la hoja hii ni kitabu cha kuzalisha sababu za kupaka rangi.

Kisa cha kweli hufanya kazi hiyohiyo, na hapa pwani yetu inaingia katika historia hii bila kulazimishwa. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo kikosi cha Waingereza na Wahindi cha watu wapatao 8,000 kilishindwa na watu kama 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, yamechezwa mezani mara nyingi Ulaya na Marekani, na wapo watengenezaji waliosubu askari weusi wa jeshi la Wajerumani kwa ajili hiyo. Anayetaka kuwapaka vizuri lazima aulize rangi ya kaki, umbo la kofia, aina ya bunduki. Na maswali hayo, yakifuatwa kwa uaminifu, humfikisha kwa wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile kwa njaa, maradhi na mizigo, na ambao hawana dadu mezani. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza kama ni sawa kufanya burudani ya jambo hilo. Wells mwenyewe, akiandika mwaka mmoja kabla ya vita kuu, alidai kuwa vita vidogo vinamfundisha mtu upumbavu wa vita kubwa. Dai hilo halijathibitishwa na karne iliyofuata. Linalothibitika ni dogo zaidi: mchezaji anayejua aliyekuwa ndani ya sare ile huipaka kwa makini, naye hurudi kwenye kazi hiyo kwa kuwa kuna jambo anataka kulielewa.

Jibu la pili lilikuwa kasi, na ndilo linalopendwa na maduka. Rangi za mafuta za kopo, zilizochelewa kukauka na kuhitaji tapentaini, zilipisha polepole rangi za maji zinazokauka kwa dakika chache. Baadaye wachezaji waligundua kuwa ukipaka rangi bapa kisha ukamchovya askari mzima kwenye vanishi ya mbao yenye rangi ya kahawia, vanishi itaingia kwenye mikunjo na kuacha vivuli bila kazi ya brashi. Mwaka 2019 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika biashara hii, ilileta rangi iitwayo Contrast inayofanya kivuli na mwanga kwa mpako mmoja juu ya undakoti wa rangi isiyokoza. Hizi ni nafuu za kweli, na anayezidharau hajapaka mikanda 100. Hata hivyo, kama zingekuwa dawa ya kutosha, milima ingekuwa imepungua tangu zamani, maana kupaka rangi leo ni kwepesi kuliko wakati wowote. Haikupungua kwa sababu kasi ya kununua ilipanda pamoja na kasi ya kupaka. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hawakuzungumzia gogo linaloongezwa kila mwisho wa mwezi.

Jibu la tatu, lile la Siborne wa mwaka 1844, ndilo lililofanikiwa zaidi. Mwaka 1990 kundi la Wargames Research Group lilitoa kanuni za vita vya kale ziitwazo De Bellis Antiquitatis, zilizoandikwa na Phil Barker na wenzake. Jeshi zima la Hannibal au la Kaisari lilikuwa vibao 12 tu, kila kibao na askari wachache, juu ya uwanja mdogo usiojaza hata meza ya kulia chakula, na pambano liliweza kwisha kwa muda wa kama saa moja. Games Workshop yenyewe, inayoishi kwa kuuza majeshi makubwa, ilitoa Necromunda mwaka 1995 na Mordheim mwaka 1999, michezo ya magenge ya watu wachache ambao kila mmoja ana jina, majeraha na uzoefu unaoongezeka pambano hadi pambano. Mwaka 2015 Joseph McCullough alitoa Frostgrave, ambamo mchawi na kundi lake hawazidi watu 10. Michezo ya namna hii ilibadili hesabu ya kazi na pia maana yake. Askari mmoja kati ya kumi anastahili jioni nzima ya rangi, kwa kuwa mezani ataonekana, ataokoa wenzake au atakufa, na mwenye naye atalikumbuka jina lake. Askari wa hamsini katika kikosi hana bahati hiyo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wako watu wanaopaka rangi maisha yao yote bila kucheza hata mara moja, na hamu yao haikauki. Ni kweli, na wengine wao ni wasanii wa kiwango cha juu. Lakini tazama mazingira yao. Tangu mwaka 1987 Games Workshop imekuwa na mashindano ya rangi yaitwayo Golden Demon, na wapenzi wa askari bapa wa Kijerumani hukutana kila baada ya miaka miwili kwenye soko la Kulmbach, mji wenye jumba la makumbusho ya askari wa bati ndani ya ngome ya Plassenburg. Mpaka rangi wa aina hii hutengeneza kipande kimoja kwa wakati mmoja, kwa tarehe inayojulikana, mbele ya macho ya watu wanaojua kazi. Ana uchache, ana siku, ana mashahidi. Kilichokosekana ni dadu tu, na dadu si kiini cha hoja. Neno meza hapa lina maana ya mahali ambapo kazi inakwenda kupokelewa, iwe na mpinzani au na mwamuzi wa mashindano.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuweka tarehe na mashahidi ni kugeuza burudani kuwa ajira bila mshahara. Toleo la mwaka 2020 la Warhammer 40,000, mchezo wa Games Workshop, liliweka katika kanuni zake za mashindano alama 10 kati ya 100 kwa mchezaji ambaye jeshi lake lote limepakwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika. Wapo waliosifu, kwa kuwa viwanja vilijaa majeshi yenye rangi. Wapo waliolalamika kuwa mtu mwenye mikono mizito au muda mchache anaadhibiwa kwa jambo lisilohusu ujanja wa vita. Malalamiko hayo yana haki, na yanasaidia kuona mpaka wa hoja hii. Kanuni ya alama 10 inadai jeshi zima kwa mara moja, yaani inalichukua deni lote na kulitoza faini. Miadi kati ya marafiki wawili, kwamba wiki ijayo tutacheza kwa watu sita kila upande, inadai kitu ambacho kinaweza kutimizwa, na isipotimizwa mchezo unaweza kufanyika hata hivyo na wawili kati yao wakiwa kijivu. Jambo la kwanza ni shinikizo, la pili ni ahadi. Shinikizo linaweza kutoa askari waliopakwa rangi, lakini halijulikani kwa kumrudishia mtu furaha.

Kuna pia wanaosema kuwa dawa ya hamu iliyopotea ni kitu kipya: toleo jipya, kisanduku kipya, jeshi jipya. Biashara inalitegemea wazo hili, na wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya korona lilionekana kushinda. Maduka yalifungwa kwa vipindi, watu walikaa nyumbani, na katika mwaka wa fedha uliokwisha Mei 2021 mauzo ya Games Workshop yalipita pauni milioni 350. Hesabu ya mauzo, hata hivyo, huonyesha visanduku vilivyotoka dukani, haionyeshi vilivyofunguliwa. Mpya huleta msisimko wa kweli, na hakuna haja ya kuukana, ila msisimko huo huisha mahali palepale ambapo ule wa kwanza uliishia: kwenye mkanda wa ishirini. Mtu aliyezidiwa na askari 200 wa Napoleon hatatibiwa na 100 wa Waviking, isipokuwa awe amechagua Waviking kwa mchezo unaohitaji wanane.

Pingamizi la mwisho ni la utu. Huenda hamu imepotea kwa sababu mtu amebadilika, au ana msiba, au moyo wake umechoka kwa jambo ambalo halihusiani na rangi, na mpango wowote wa meza hautamfaa. Hili ni la kukubali bila ubishi. Burudani inaachwa, na kuiacha si kosa. Featherstone mwenyewe aliacha kutoa jarida lake mwaka 1980 lakini hakuuacha mchezo, na wapo wengine waliouacha moja kwa moja wakaishi vizuri. Wapo pia wanaourudia baada ya miaka ishirini, watoto wakishakua. Historia haiwezi kumwambia mtu mmoja kama anatakiwa kurudi. Inachoweza kumwambia ni kwamba akitaka kurudi, asianze kwa kujihukumu kutokana na ukubwa wa mlima wake, kwa kuwa mlima ule ulijengwa na mpangilio wa biashara na wa kanuni uliomtangulia, uliohamishia kwake kazi ya karakana nzima.

Utaratibu wa kurudi, basi, unatokana na ushahidi huu wenyewe. Brashi inakuja mwisho. La kwanza ni mtu: mwenzi mmoja anayekubali kucheza, hata kwa askari wa kuazima, kama watoto wa Haworth walivyotosheka na 12 wa mbao. La pili ni tarehe iliyo karibu, na la tatu ni idadi ndogo inayoweza kukamilishwa kabla ya tarehe hiyo, ikipakwa mtu mmojammoja badala ya makoti yote kwanza, ili kila kikao kiache askari mmoja aliyekwisha. La nne ni kisa, cha kubuni au cha kweli, kinachofanya pambano la leo lidai lingine. Mlima uliobaki uondolewe machoni, uuzwe, ugawiwe au ufungiwe, kwa sababu hakuna pambano lililowahi kuuhitaji wote. Anayefanya hayo anaweza asimalize kamwe alivyonunua. Stevenson na Wells hawakuhitaji kupaka rangi jeshi zima ili wacheze, na hakuna aliyewahi kusema kuwa walikosa hamu.